Mwongozo kamili wa kwenda Staatsoper, jumba la opera la Vienna

Kuna dhana moja inayowafungia watu wengi nje ya Staatsoper ya Vienna: kwamba lile ni jumba la matajiri, na asiye na suti ya maana wala euro 200 za kiti asisogee. Watu wetu wengi wanaofika mji huo, awe mjumbe wa mkutano wa Umoja wa Mataifa, mwanafunzi, au mtu aliyekuja kumtembelea ndugu yake, huishia kulipiga picha jengo kutoka ng'ambo ya barabara. Inaniuma kuona hivyo. Kwa vizazi jumba hili limetenga mamia ya nafasi za kusimama kwa bei nafuu kabisa, na baadhi ya nafasi hizo zinasikika na kuonekana vizuri kuliko viti vya mara kumi ya bei yake.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kutazama opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa pamoja na okestra, na hajui aanzie wapi. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: panga kila kitu kuanzia kwenye onyesho lenyewe. Chagua onyesho kwanza, kisha aina ya tiketi, halafu ndiyo ufikirie ndege, malazi na nguo.

Lijue jumba kabla hujaingia

Staatsoper ilifunguliwa tarehe 25 Mei 1869 kwa opera ya Mozart, Don Giovanni. Waliolichora jengo ni wawili, August Sicard von Sicardsburg na Eduard van der Nüll, na hakuna hata mmoja wao aliyeishi kuiona siku ile. Ujenzi ukiwa tayari umeanza, barabara kuu ya Ringstrasse iliyo mbele yake iliinuliwa kwa takriban mita moja, jengo likaonekana kama limezama. Watu wa mji wakalikejeli, magazeti yakalisema. Van der Nüll alijinyonga Aprili 1868, na mwenzake akafariki kwa maradhi wiki chache baadaye. Inasimuliwa kwamba Kaisari Franz Joseph alishtuka sana, na tangu hapo kila alipoulizwa maoni yake juu ya kazi yoyote ya sanaa alijibu kwa maneno yale yale machache ya heshima. Ukipanda ngazi kuu tafuta medali mbili zenye sura za wanaume wawili. Ndio hao.

Tarehe 12 Machi 1945 mabomu yalilipiga jumba na moto ukateketeza ukumbi na jukwaa. Kilichopona ni sehemu ya mbele: roshani ya nje, ngazi kuu ya marumaru, chumba cha chai cha Kaisari, na ukumbi wa mapumziko wenye picha za ukutani za Moritz von Schwind. Ukarabati ulichukua miaka kumi. Jumba likafunguliwa tena tarehe 5 Novemba 1955 kwa Fidelio ya Beethoven, opera ya mfungwa anayetolewa gizani, ikiongozwa na Karl Böhm. Mwaka huo huo Austria ilikuwa imerudishiwa uhuru wake na majeshi ya nchi nne zilizoikalia yalikuwa yameondoka, kwa hiyo watu waliufungua ukumbi na nchi yao kwa pamoja.

Haya yana faida kwa mgeni. Utapita kwenye ngazi za 1869 zenye dhahabu na masanamu, kisha utaingia kwenye ukumbi wa 1955 ulio mtulivu zaidi, wa rangi ya maziwa, nyekundu na dhahabu kidogo. Wengine huvunjika moyo wakidhani wamepunjwa. Hukupunjwa kitu, unaingia kwenye jengo la nyakati mbili.

Hatua ya kwanza: chagua onyesho

Msimu huanza Septemba na kuishia mwisho wa Juni. Julai na Agosti jumba hufungwa, na hili huwakuta wengi wanaosafiri likizo ya kiangazi wakikuta milango imefungwa. Pia kuna siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu ambapo ukumbi hugeuzwa uwanja wa dansi kwa ajili ya Opernball, inayofanyika Alhamisi inayotangulia. Siku hizo hakuna opera. Tarehe 31 Desemba huchezwa Die Fledermaus ya Johann Strauss, na tiketi za usiku huo ni ghali na ngumu kupatikana.

Jambo la pekee katika jumba hili ni kwamba kazi hubadilika usiku hadi usiku. Leo Puccini, kesho baleti, keshokutwa Verdi. Mafundi wa jukwaa hubomoa mandhari nzima usiku na kujenga nyingine asubuhi. Ukikaa mjini siku nne unaweza kuona kazi tatu tofauti bila kurudia.

Kwa mara ya kwanza ningekushauri La bohème au Tosca, zote za Giacomo Puccini. La bohème inachezwa hapo kwa mandhari ya Franco Zeffirelli tangu 1963: mtaa wa Paris wenye theluji, mkahawa, watoto, askari na tarumbeta, watu wamejaa jukwaani kama sokoni siku ya sikukuu. Tosca inatumia matayarisho ya Margarethe Wallmann ya mwaka 1958, na imeshachezwa zaidi ya mara 600 kwa sura ile ile. Ni hadithi ya wivu, siasa na usaliti inayokwenda mbio, huna nafasi ya kusinzia. Zauberflöte ya Mozart nayo inafaa, hasa ukiwa na vijana.

Richard Wagner mwache kwanza. Simsemi kwa ubaya, nampenda sana, lakini opera zake Parsifal na Götterdämmerung huchukua kama saa tano au zaidi pamoja na mapumziko. Usijibebeshe hilo jioni yako ya kwanza, tena ukiwa umesimama na uchovu wa ndege mwilini.

Tazama pia majina ya waimbaji. Jumba hili limewasikia Waafrika na watu wenye asili ya Afrika wengi wa daraja la juu: Leontyne Price wa Marekani aliimba Aida hapo mwaka 1958, na Pretty Yende wa Afrika Kusini aliimba Violetta katika La traviata mwaka 2021.

Ratiba ya msimu mzima hutolewa mapema kwenye tovuti rasmi ya jumba. Saa huandikwa kwa mtindo wa Ulaya: 19:00 ni saa moja usiku wetu, 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Usiangalie kwa haraka, kwa sababu kazi ndefu huanza mapema na mwenye mazoea ya "huwa inaanza saa moja" hukuta milango imefungwa.

Hatua ya pili: visa na safari

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen, ile inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45, kwa hiyo miezi miwili au mitatu kabla ndiyo salama. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe na uwezo wa kulipa matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Kama utazunguka nchi kadhaa, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Usiombe kwa Austria kisha ukalala Paris wiki nzima.

Usinunue tiketi ya opera ya bei kubwa kabla visa haijatoka. Visa ikichelewa au ukinyimwa, fedha hizo kuzirudisha ni kazi. Hapa ndipo nafasi ya kusimama inapokuwa na faida nyingine: hununuliwa siku ile ile ya onyesho, hakuna senti inayowekwa rehani miezi kabla.

Kutoka uwanja wa ndege wa Vienna, treni ya kawaida ya Railjet hufika stesheni kuu, Hauptbahnhof, kwa takriban dakika 15. Hapo panda U1, njia ya treni ya chini ya ardhi, hadi Karlsplatz, vituo viwili tu, na ukitokea juu kwa mlango ulioandikwa Oper umeshafika. Kuna treni maalumu ya haraka inayonadiwa sana kwa wageni, bei yake ni kubwa na haikuokolei muda wa kutosha kuihalalisha. Malazi si lazima yawe katikati ya mji. Popote penye kituo cha U1, U2 au U4 panatosha, kwa sababu njia hizo tatu hukutana Karlsplatz.

Fika mjini angalau siku moja kabla ya onyesho. Muziki mzuri unaousikia huku kichwa kinaanguka ni hasara mbili.

Hatua ya tatu: tiketi

Hapa twende taratibu, maana ndipo fedha za watu zinapopotea.

Ukumbi una umbo la kwato la farasi. Chini ni viti vya mbele, Parkett, na nyuma yake Parterre. Ukutani kuzunguka kuna ghorofa tatu za loji, vile vyumba vidogo vya watu wachache. Juu ya loji ni Balkon, na juu kabisa Galerie. Viti vyote kwa jumla vinapita 1,700.

Loji ndiyo mtego wa mgeni. Kwenye picha inapendeza, unajiona kama mtoto wa kifalme. Lakini loji iliyo pembeni ina safu za viti, na wa nyuma huona nusu ya jukwaa au asione kabisa mpaka asimame na kurefusha shingo juu ya kichwa cha jirani. Ukitaka loji, chukua kiti cha mbele, na loji yenyewe iwe karibu na katikati. Ramani ya viti ya tovuti rasmi huonyesha viti vyenye kuzibwa. Isome kiti kwa kiti kabla ya kulipa. Kwa fedha za kati, mimi ningechukua kiti cha katikati cha Balkon au Galerie kuliko kiti cha nyuma cha loji. Kwenda juu hakupunguzi sauti. Waimbaji hawatumii maikrofoni hata moja, na sauti zao hupanda na kukufikia zikiwa nzima.

Bei za viti hutegemea usiku na waimbaji. Huanzia fedha ndogo kwa viti visivyoona vizuri na kupita euro 200 kwa vya mbele. Walio chini ya miaka 27 wana nafuu yao maalumu, waulizie.

Sasa nafasi za kusimama, zinazoitwa Stehplatz. Ziko sehemu tatu: Parterre, Balkon na Galerie. Ya Parterre ndiyo lulu. Iko nyuma ya viti vya chini, katikati kabisa, chini ya loji kubwa ya kati, na sakafu yake imepandishwa ngazi kwa ngazi ili wa nyuma aone. Unalitazama jukwaa uso kwa uso, okestra yote ikiwa mbele yako. Bei kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya euro 10 na 20. Okestra hiyo ni ile ile ambayo wanamuziki wake ndio wanaounda Vienna Philharmonic, okestra maarufu ya mji huo. Hakuna anayeingia Philharmonic bila kwanza kupiga katika okestra ya opera. Kwa bei ya chakula cha mchana unawasikia watu wanaotazamwa na dunia nzima kila Januari mosi katika tamasha la Mwaka Mpya.

Zinauzwaje? Siku ya onyesho, mtandaoni, kuanzia saa nne asubuhi, yaani 10:00. Jifungulie akaunti kwenye tovuti rasmi siku moja kabla, weka kadi yako, na saa tatu na dakika 55 uwe umekaa mbele ya skrini. Kwa waimbaji maarufu zinaisha upesi. Ukikosa, dirisha la jioni lililo upande wa Operngasse hufunguliwa dakika 80 kabla ya onyesho. Watu hupanga foleni mapema, wengine na viti vya kukunja na vitabu, na kwa usiku wenye jina kubwa mapema maana yake ni saa kadhaa.

Onyo moja. Mitaani kuzunguka jumba, na mpaka kanisa la Stephansdom, utakutana na vijana waliovaa makoti mekundu na mawigi meupe kama Mozart, mikononi wana mafaili ya tiketi. Ni wachangamfu na wanazungumza lugha nyingi. Wanachouza mara nyingi ni matamasha ya watalii katika kumbi nyingine, siyo opera ya Staatsoper, hata kama wamesimama mlangoni pake. Tiketi nunua kwa jumba lenyewe tu, mtandaoni au dirishani.

Hatua ya nne: jiandae nyumbani

Opera nyingi huimbwa kwa Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa. Jumba limeweka skrini ndogo mbele ya kila nafasi, pamoja na nafasi za kusimama, inayoonyesha tafsiri ya maneno kwa lugha kadhaa, Kiingereza na Kifaransa zikiwemo. Kiswahili hakimo. Hata hivyo usiitegemee sana. Ukikodoa macho kwenye skrini jioni nzima utayakosa ya jukwaani.

Soma hadithi kabla. Ni kazi ya dakika kumi. Kisha sikiliza vipande viwili vitatu vikuu, mara kadhaa, ukiwa unapika au kwenye basi, mpaka sikio livizoee. Chukua La bohème: mshonaji Mimì anabisha hodi kwa jirani, mshairi maskini Rodolfo, kuomba moto wa mshumaa wake uliozimika. Ufunguo unaanguka, wote wawili wanapapasa sakafuni gizani, mikono yao inagusana. Rodolfo anaanza kuimba kwamba kimkono hicho ni cha baridi. Ukiujua wimbo huo kabla hujafika, okestra inapouanza kwa sauti ya chini utausikia mwili mzima. Na mwisho wa hadithi, Mimì akiwa anakufa kwa kifua kikuu, sauti hiyo hiyo ya mwanzo inarudi. Asiyeijua inampita. Anayeijua hulia, na ukumbini hutakuwa peke yako.

Hatua ya tano: nguo

Hakuna sheria ya suti. Kinachokataliwa ni nguo za ufukweni: kaptula, kandambili, fulana zisizo na mikono. Kwenye viti vya chini na loji utaona suti nyeusi na magauni marefu. Kwenye nafasi za kusimama utaona wanafunzi na suruali safi na shati. Kanzu iliyopigwa pasi na koti, au gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, vinafaa kabisa na vinapendeza kwenye zile ngazi kuliko suti ya kuazima isiyokuenea.

Viatu ndivyo jambo la kufikiria. Anayesimama saa tatu na viatu vya kisigino kirefu hatakumbuka Puccini, atakumbuka miguu.

Koti zito, begi la mgongoni na mwavuli haviingii ukumbini. Vinaachwa chumba cha makoti. Paki mfuko mdogo.

Hatua ya sita: jioni yenyewe

Wa kiti afike dakika 45 kabla, wa kusimama afike milango inapofunguliwa. Jumba halimsubiri mtu. Gustav Mahler, aliyekuwa mkurugenzi hapo kuanzia 1897 hadi 1907, ndiye aliyekaza sheria ya wachelewaji, na hadi leo aliyechelewa hubaki nje akitazama kwenye skrini mpaka mapumziko. Hakuna kubembeleza.

Ukiwa na tiketi ya kusimama, isome. Ikiwa na namba ya nafasi, simama hapo. Ikiwa haina, anayetangulia ndiye anayechagua. Mbele ya kila safu kuna bomba la kuegemea. Ukishapata mahali, funga skafu yako kwenye bomba hilo, fundo moja tu, na mahali pameshakuwa pako. Unaweza kwenda kunywa maji, kupanda ngazi, kukaa kidogo. Ni desturi ya zamani na watu wanaiheshimu mno. Ukikuta skafu ya mwenzio usiisogeze hata kidogo. Mtandio mwepesi au leso ya kawaida inatosha, ila usifunge kitu chako cha thamani. Wakongwe wa pale, wapo waliosimama hapo miaka mingi, ukiwauliza kwa adabu watakuelekeza vizuri kuliko mtumishi yeyote.

Weka skrini yako kwenye lugha unayotaka kabla taa hazijapungua. Simu izime kabisa. Hata mwanga wake humkera aliye nyuma. Picha za ukumbi piga kabla, wakati wa onyesho ni marufuku.

Kabla pazia la kitambaa halijaonekana, utaona pazia la chuma lenye picha kubwa. Tangu msimu wa 1998/99 kila mwaka msanii mmoja hupewa pazia hilo, na wa kwanza alikuwa Kara Walker, msanii Mmarekani mweusi. Chuma chenyewe kina sababu: Desemba 1881 ukumbi mwingine wa Vienna, Ringtheater, uliwaka moto na mamia ya watu wakafa, na baada ya msiba huo sheria za usalama wa kumbi zikakazwa.

Kisha okestra inapanga sauti. Sikiliza hapa. Obo, ala ya kupuliza, inatoa noti moja, wengine wanaifuata. Obo ya Vienna na pembe ya Vienna ni ala zilizotengenezwa kwa namna ya mji huo, tofauti na za kumbi nyingine za dunia, na sauti yake ni ya pekee. Taa zinashuka, kiongozi wa okestra anaingia, watu wanapiga makofi, na mambo yanaanza.

Makofi yana utaratibu wake. Baada ya wimbo mkubwa watu hupiga. Ukiwa huna uhakika subiri wengine. Mwanamume huitwa bravo, mwanamke brava, wengi bravi. Katika Parsifal, desturi ya Vienna ni kimya baada ya sehemu ya kwanza. Na tofauti na taarabu, hapa hainuki mtu kwenda kumtuza mwimbaji katikati ya wimbo, hata akikukuna vipi. Weka yote moyoni mpaka mwisho, kisha piga makofi mpaka mikono iume. Waimbaji hurudi mbele ya pazia mara nyingi, na waliosimama ndio wenye kelele kuliko wote.

Usitoke ukumbini muziki unapoendelea eti uwahi koti. Ni kumvunjia heshima mwimbaji na jirani.

Mapumziko

Mapumziko ya kawaida ni dakika 20 hadi 25. Wengi hukimbilia vinywaji, ambavyo ni ghali. Wewe tembea. Tiketi ya kusimama inakuruhusu kupita kwenye kumbi zile zile za wenye loji. Nenda ukumbi wa Schwind ukaangalie picha za opera zilizochorwa ukutani, nyingine za kazi ambazo leo hazichezwi popote. Tafuta sanamu ya kichwa cha Mahler iliyochongwa na Auguste Rodin. Simama juu ya ngazi kuu, mgongo kwenye mlango wa ukumbi, uangalie chini: masanamu ya marumaru ya Josef Gasser yanasimama pande zote, na watu wa kila aina wanapanda na kushuka katikati yake.

Ukikosa tiketi

Usikate tamaa. Katika miezi ya joto, hasa Aprili, Mei, Juni na Septemba, maonyesho mengi hurushwa moja kwa moja kwenye skrini kubwa iliyo ukutani upande wa Kärntner Straße, bure, na viti vimepangwa nje. Mchana kuna ziara za kuongozwa za dakika 40 hivi zinazokupitisha kwenye kumbi na, siku nyingine, hata jukwaani. Ratiba yake hutegemea mazoezi ya siku hiyo. Kumbi nyingine mbili za kufikiria ni Volksoper, iliyofunguliwa 1898, yenye opera nyepesi na bei nafuu zaidi, na Theater an der Wien ya mwaka 1801, ambako Fidelio ilichezwa kwa mara ya kwanza 1805. Theater an der Wien ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Staatsoper.

Chakula na kurudi

Kula kabla, kidogo lakini cha kushiba. Mgahawa wa karibu wenye jina ni Hotel Sacher, nyuma ya jumba, kwa wanaotaka keki yake ya chokoleti. Baada ya onyesho, watu wenye suti na magauni hupanga foleni kwenye kibanda cha soseji cha Albertinaplatz, hatua chache tu kutoka mlangoni. Mandhari yake inafurahisha, ila soseji nyingi za pale zina nguruwe. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, au ale mapema soko la Naschmarkt, ambako kuna vibanda vingi vya Waturuki na Waarabu.

Foleni ya makoti baada ya pazia ni ndefu. Ukiwa na koti jepesi unaloweza kulishika, ulishukuru. Usiku wa Ijumaa, Jumamosi na wa kuamkia sikukuu treni za chini ya ardhi hutembea mpaka asubuhi. Siku nyingine husimama kama saa sita na nusu usiku, na baada ya hapo kuna mabasi ya usiku yanayoanzia hapo hapo karibu na jumba. Tiketi ya usafiri ya saa 24 inahesabu tangu unapoigonga mashineni, kwa hiyo igonge asubuhi ya siku ya opera na itakurudisha nyumbani bila kununua nyingine.